Umbo la '-ing' Baada ya Kitenzi cha Kiingereza na Tatizo la Kulifasiri

Katika mafunzo ya tafsiri imekuwa ni desturi kuwaambia wanafunzi kwamba umbo la Kiingereza lenye kiambishi tamati '-ing', linapofuata kitenzi kingine, lifasiriwe kwa kitenzi-jina cha Kiswahili chenye 'ku-'. Kanuni hii ni nyepesi kukariri, na mara nyingi haina madhara: 'she began singing' ni 'alianza kuimba'. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo humpotosha mfasiri pale pale anapoihitaji zaidi, na kwamba kosa linalotokea si la mtindo bali ni la maana.

Umbo la '-ing' lina asili mbili. Kiingereza cha kale kilikuwa na kiambishi cha kuundia majina, '-ung' au '-ing', na kingine, '-ende', cha kuonyesha tendo linaloendelea. Baadaye, katika Kiingereza cha zama za kati, maumbo haya mawili yaliunganika. Hata wanasarufi Huddleston na Pullum, katika sarufi yao ya mwaka 2002, wameyaweka matumizi yote mawili chini ya istilahi moja.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Jina la tendo hubebwa na 'ku-', nalo huleta upatanisho kama jina lolote: 'kuchelewa kwake kumetuudhi'. Tendo linaloendelea huonyeshwa kwa '-ki-'. Kwa hiyo 'I heard her singing' haiwi 'nilimsikia kuimba' bali 'nilimsikia akiimba', na 'he sat reading' ni 'aliketi akisoma'. Mwanafunzi anayefuata kanuni ya 'ku-' huvuruga tofauti ambayo lugha yake mwenyewe imeihifadhi.

Upande wa pili wa tatizo ni mgumu zaidi, kwani hapa Kiingereza ndicho kinachotenga na Kiswahili ndicho kinachochanganya. Baada ya vitenzi kadhaa, Kiingereza huchagua kati ya '-ing' na 'to'. Dwight Bolinger alieleza mwaka 1968 kwamba '-ing' huelekea kutaja jambo lililokwisha kuwa, na 'to' jambo ambalo bado ni la kutarajiwa. Kitenzi-jina chetu hakionyeshi tofauti hiyo. Tutazame 'I shall never forget seeing him'. Mwenye kukariri kanuni ataandika 'sitasahau kumwona'. Lakini maneno hayo ni ahadi: msemaji anasema kwamba atakwenda kumwona. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa kumbukumbu, na Kiswahili fasaha cha kumbukumbu hiyo ni 'sitasahau nilivyomwona' au 'sitasahau siku nilipomwona'. Jambo lililopita limegeuzwa kuwa jambo lijalo, ingawa kila neno limefasiriwa.

Huenda ikasemwa kwamba muktadha utamwokoa msikilizaji. Katika mazungumzo ya nyumbani, naam. Lakini tufikirie ushahidi mahakamani, unaotolewa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Shahidi akisema 'nilikumbuka kufunga mlango', anaeleza kwamba hakusahau, na mlango ulifungwa wakati ule. Pakiandikwa 'I remembered locking the door', kufunga kumetangulia na kukumbuka kumekuja baadaye. Swali la kwamba alikumbuka lini linazuka, nalo halikuwamo katika maneno yake. Alichosema ni 'I remembered to lock the door'. Kama angekusudia lile la kwanza, angesema 'nilikumbuka kwamba nilikuwa nimefunga mlango'.

Wakati mwingine Kiswahili hutenga kwa kubadili kitenzi chenyewe. 'He stopped talking' ni 'aliacha kuzungumza'. 'He stopped to talk' ni 'alisimama ili azungumze'. Na wakati mwingine hutumia muundo ulio mbali kabisa na vitenzi-jina. 'Try to open the window' ni 'jaribu kufungua dirisha', kwa maana ya kujitahidi. 'Try opening the window' ni kumshauri mtu afungue ili matokeo yaonekane, nasi husema 'hebu fungua dirisha uone'. Hakuna jedwali la viambishi litakalomfikisha mwanafunzi kwenye 'hebu'.

Lawama yetu, basi, si kwa wanafunzi. Ni kwa mafundisho yanayoanza na umbo la Kiingereza na kulitafutia mwenzi wake katika Kiswahili, kana kwamba viambishi vya lugha mbili vimeumbwa jozi jozi. Mfasiri hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika: Je, tendo linatajwa kama jina, au linaonekana likitendeka? Je, limekwisha kutendeka, au linatarajiwa? Na mwenye Kiswahili, asiyesoma sentensi ya Kiingereza, angelisemaje jambo hilo? Akiyajibu hayo, ataitumia 'ku-' mara nyingi bado. Lakini ataitumia kwa kuichagua.