Meli Tisa na Chupa ya Rangi ya Kucha

Jamani, limefika! Boksi la Black Seas, mchezo wa mezani wa vita vya meli za matanga uliotolewa na Warlord Games mwaka 2019, liko chumbani kwangu Mtaa wa Narung'ombe, na chai imepoa bila kuguswa. Frigeti tatu, briki sita, zote za plastiki, kwa uwiano wa 1:700. Yaani meli ya mita 35 inakuwa na urefu wa sentimita 5! Inalala kiganjani, na bado matundu ya mizinga unayahesabu moja moja.

Ubavuni nilipaka nyeusi iliyozimuliwa kwa maji, nikafuta kwa kitambaa. Mistari ya mbao ikachomoza yenyewe. Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta. Matanga ni ya karatasi: unakata, unayaviringisha kidogo kwenye penseli, yanatuna kama yamekamata upepo.

Kamba sasa! Hapo utamkumbuka mama yako. Briki ya kwanza niliikatia uzi mara nne, vidole vimeganda kwa gundi, mpaka nilipoazima kibano cha nyusi cha dada.

Lakini utamu wangu uko kwenye bendera. Za Ulaya nimeziweka kando. Briki moja nimeifanya Sultana, meli ambayo Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliituma New York mwaka 1840, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Naaman. Wajuzi mnisamehe kwa umbo. Bendera yake ilikuwa nyekundu tupu, kwa hiyo nikashuka Mtaa wa Kongo kutafuta rangi ya kucha.

"Kaka, unamchukulia shemeji?"

"Hapana dada, napaka meli."

Muuzaji alinitazama, akanifungia chupa.

Liverpool, ile ya mizinga 74 ambayo Seyyid alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza mwaka 1836, haipatikani kwa frigeti hizi. Hiyo inasubiri mshahara.

Jana usiku tukacheza, mimi na mpwa wangu. Kila kitu kinategemea upepo unatoka wapi. Tukakubaliana ni kaskazi, na frigeti yangu ikajikuta inauelekea uso kwa uso, haiendi popote. Dogo akanizunguka tezini, akanimiminia mizinga.

"Mjomba, tuwashe feni?"

Thubutu! Matanga ya karatasi yale. Tulimaliza saa sita usiku, vifua wazi, jasho linatiririka.