Kadi nane, njia mbili

Chasisi ya c7000, iliyotolewa na HP mwaka 2006, ina kimo cha 10U na inabeba seva za bledi 16 za nusu kimo. Nyuma yake kuna nafasi 8 za moduli za mawasiliano na feni 10, na mbele, chini ya bledi, kuna vyanzo 6 vya umeme. Ukiutazama mchoro wake kila kitu kina mwenzake, na wapo walioridhika hapo hapo, wakaandika kwenye ripoti kwamba mtandao una njia ya akiba. Mchoro huo hauonyeshi kwamba njia ya pili haina faida kama bledi haina namna ya kujua kuwa ya kwanza imekufa.

Bledi haichomekwi waya wa mtandao. Kadi yake inakutana na bamba la saketi lililo katikati ya chasisi, na njia za shaba ndani ya bamba hilo zilikwisha kupangwa kiwandani: poti ya kwanza inaishia kwenye moduli ya nafasi ya 1, ya pili kwenye nafasi ya 2, na kadi za nyongeza zinagawana nafasi ya 3 hadi ya 8. Bamba lenyewe halina chipu za kusukuma data, kwa hiyo ni nadra kuharibika. Matatizo yanaanzia mbele yake.

Tuseme waya unaotoka moduli ya 1 kwenda kwenye swichi kuu umekatika. Mfumo endeshi wa bledi umeziunganisha kadi mbili ziwe jozi, moja ikianguka nyingine ishike kazi. Lakini jozi hiyo hupima uhai wa njia kwa kuangalia kama poti yake ina mawasiliano, na poti ya bledi haiuoni waya wa nje. Inaiona moduli tu, ambayo bado ina umeme na inajibu. Kwa bledi hali ni shwari, kwa hiyo inaendelea kutuma data kwenye moduli isiyo na pa kuipeleka. Kadi ya pili, iliyo nzima kabisa, inakaa bure. Ni afadhali moduli nzima ingeungua, maana hapo bledi ingehama mara moja.

Dawa ya HP katika moduli za Virtual Connect iliitwa SmartLink: nyaya zote za nje za mtandao fulani zikianguka, moduli yenyewe inaziangusha kwa makusudi poti za ndani zinazotumia mtandao huo. Bledi inaona kadi imekufa, inahamia upande wa pili. Hata hivyo SmartLink inaona hatua moja tu mbele. Swichi ya juu ikibaki hai huku imetengwa na mtandao uliobaki, moduli nayo inadanganyika, hivyo mpangilio wa aina hiyo hiyo unahitajika kwenye swichi ile pia.

Upana wa njia nao una hadithi yake. Enzi za gigabiti 1, seva yenye mashine pepe nyingi ilihitaji kadi sita au zaidi, na kwenye bledi nafasi ni finyu. Mwaka 2008 HP ilileta Flex-10, inayoigawa poti moja ya gigabiti 10 iwe kadi nne, kila moja ikipangiwa kasi yake kuanzia megabiti 100. Bledi yenye poti mbili ikaonekana na kadi nane. Msimamizi aliyeweka kadi mbili za poti ile ile kuwa jozi alikuwa kama mtu mwenye milango miwili inayotokea kichochoro kimoja: poti ikifa, zote nne zinakwenda nayo.

Halafu fanya hesabu. Bledi 16 zenye gigabiti 10 kila upande ni gigabiti 160 zinazoingia kwenye moduli moja. Ukiiunganisha nje kwa nyaya mbili, gigabiti 160 zinagombea 20, yaani nane kwa moja. Pande zote mbili zikifanya kazi unafurahia gigabiti 40, lakini upande mmoja ukianguka zinabaki 20. Ukizoea kutumia 30, akiba yako ni ya jina tu.

Cisco, ilipoingia sokoni mwaka 2009 na chasisi ya UCS 5108 ya bledi 8, ilichukua njia nyingine. Moduli yake ya 2104XP haibadilishani data ndani. Hata bledi mbili jirani zinaongea kwa kupitia kifaa kikuu cha nje. Ina poti 8 za ndani na 4 za nje, zote za gigabiti 10, na kila bledi imefungwa kwenye waya maalumu. Ukiweka nyaya mbili, nafasi 1, 3, 5 na 7 zinapita kwenye waya mmoja, zilizobaki kwenye mwingine. Ukichomeka tatu, wa tatu haubebi kitu. Na waya mmoja ukikatika, bledi zake hazihamii kwenye jirani yake mzima. Zinavuka hadi moduli ya upande wa pili, kama zimepangiwa hivyo, na kupanga upya kunahitaji chasisi itambuliwe tena, jambo linalokatiza mawasiliano.

Moduli zilizofuata, 2204XP na 2208XP, ziliruhusu nyaya za nje zifungwe kuwa kundi moja. Binafsi ningechagua kundi kila mara. 2208XP ikiwa na nyaya zake zote 8, kupotea kwa mmoja kunaacha gigabiti 70 na hakuna bledi inayolazimika kuhama. Mgao tu ndio hauwi sawa, kwa kuwa kila mkondo wa data hupangiwa waya mmoja kwa hesabu ya anwani zake, na mkondo mmoja hauvuki gigabiti 10 hata nyaya nyingine zikiwa tupu.