Chembe sahani chini, gozi juu: kidonda kinachorudi Goweko

Kutibu kidonda kwa chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoisaidia kuganda, huchukua muda usiofika saa moja. Siku saba zinazofuata ni za bandeji, na katika siku hizo tiba hufaulu au huharibika. Bado wengi wetu tunapoizungumzia tiba hii tunataja mashine ya kuzungushia damu, kana kwamba bandeji inayowekwa juu ya kidonda ni kifuniko tu.

Utafiti wenye nguvu zaidi katika eneo hili ulichapishwa mwaka 2018, ukihusu vidonda vya miguu vya wenye kisukari nchini Uingereza, Denmark na Sweden. Kabla ya kuanza, kila mgonjwa alipewa wiki nne za matunzo ya kawaida yaliyo bora. Kidonda kilichopungua kwa nusu au zaidi katika wiki hizo kiliondolewa, kwa sababu kilikuwa kinapona chenyewe. Wakabaki wagonjwa 269 wenye vidonda vigumu, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliendelea na matunzo yale yale. La pili liliongezewa kipande kilichotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe kila wiki: mililita 18 zinachotwa, zinazungushwa kwa takriban dakika 20 bila kuongezwa dawa yoyote, na kinachotoka ni kisahani laini cha fibrini (nyuzi za damu iliyoganda) chenye chembe sahani na chembe nyeupe. Baada ya wiki 20, vidonda vilivyofunga vilikuwa asilimia 34 katika kundi la kipande, na asilimia 22 katika kundi lingine.

Hiyo ni tofauti ya kweli, na waliokagua vidonda hawakujua nani yuko kundi gani. Lakini tuisome namba hiyo hadi mwisho: hata kwa waliopata kipande, vidonda viwili kati ya vitatu havikuwa vimefunga. Tiba hii husukuma kidonda kilichokwama, na kidonda hicho lazima kiwe kimeandaliwa. Nyama iliyokufa imekwanguliwa, maambukizi yamedhibitiwa, damu inafika mguuni, na mgonjwa hakanyagii pale palipo na kidonda. Likikosekana moja kati ya hayo, damu iliyochotwa imepotea bure.

Sasa tuje kwenye bandeji. Chembe sahani hubeba vifuko vidogo vyenye kemikali zinazoita chembe za kujenga nyama, ngozi na mishipa ya damu. Ukitengeneza maji yenye chembe sahani nyingi kisha ukayaamsha kwa kalisi, sehemu kubwa ya kemikali hizo humwagika mapema. Ukiiacha damu igande yenyewe ikizunguka, njia ambayo daktari Joseph Choukroun na wenzake waliieleza nchini Ufaransa mwaka 2001, wavu wa fibrini hushika chembe hizo na kuziachia pole pole kwa siku kadhaa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuchagua bandeji ni hili: itakaa siku ngapi bila kuguswa? Ubora wa dawa iliyomo na bei vinafuata baadaye. Bandeji inayodai kufunguliwa kila asubuhi haifai hapa, hata ingekuwa ya thamani namna gani, kwa sababu kila ikifunguliwa inang'oa kile kilichowekwa jana.

Gozi kavu ndiyo adui wa kwanza. Inanyonya majimaji, inakauka, inashikana na fibrini, na siku ya kuibandua vyote vinatoka pamoja, mgonjwa akiuma meno. Kwamba kidonda hupenda unyevu si habari mpya. Mtafiti George Winter alionyesha mwaka 1962, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa kwa plastiki huota ngozi haraka karibu maradufu ya lile lililoachwa likauke kwa hewa. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado kuna watu wazima wanaoambiwa waache kidonda "kipate upepo".

Tabaka linalogusa kipande liwe lisiloshika. Wavu wa silikoni ndio bora, kwani unapitisha majimaji kwenda juu na unabaki mahali pake wiki nzima. Usipopatikana, gozi ya parafini inafaa, ila ina hila yake: mafuta yakikauka, nyama changa hupenya kwenye matundu yake na kuishika. Dawa yake ni kuiweka nene na kuhakikisha juu yake hapakauki. Ile iliyotiwa antibiotiki, ambayo wauguzi wengi huifikia kwa mazoea, haina kazi kwenye kidonda kisicho na maambukizi, na inaweza kumletea mgonjwa mzio.

Tabaka la juu ndilo la kunyonya, na hapa uamuzi unafuata kidonda. Kinachotoa majimaji mengi kipewe sponji nene au pedi za gozi. Kilicho kikavu kifunikwe kwa plastiki nyembamba inayohifadhi unyevu. Kosa la kuzidisha unyevu nalo lipo: ngozi ya pembeni hugeuka nyeupe, ikalainika na kuanza kuchubuka, na kidonda kinatanuka badala ya kusinyaa. Mafuta ya zinki kuzunguka kingo huzuia hilo.

Ayodini, peroksaidi na bandeji zenye madini ya fedha zina zamu yake, nayo ni kabla ya kipande kuwekwa. Zinaua vijidudu, lakini hazibagui sana kati ya kijidudu na chembe changa tunayoiita ije kujenga. Siku ya kipande, kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi tu.

Mtu wa Tabora atauliza kuhusu asali, na ana haki ya kuuliza. Mkoa huu wa misitu ya miombo unajulikana kwa asali, na mjini kuna chuo cha ufugaji nyuki. Asali ina uchachu, ina sukari nyingi inayovuta maji kutoka kwa vijidudu, na hutoa peroksaidi kidogo kidogo. Inasaidia kulainisha na kuondoa nyama iliyooza. Lakini sifa hizo hizo ndizo zinanifanya niitenge na chembe sahani: inavuta majimaji, inazimuka upesi, na hivyo inadai kubadilishwa mara kwa mara. Ningeiweka wiki za maandalizi, kisha niioshe yote kabla ya damu kuchotwa. Na iwe asali ya tiba iliyosafishwa kwa mionzi. Ya mzinga, hata iwe safi machoni, inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo kuchuja hakuziondoi.

Fikiria basi mkulima wa tumbaku wa Goweko, kwenye reli ya kati mashariki ya Tabora, mwenye kisukari na kidonda chini ya kidole gumba. Damu yake haiwezi kuchotwa kijijini ikasafirishwa mjini, kwa sababu isiyowekwa dawa ya kuzuia kuganda huanza kuganda ndani ya dakika chache. Mashine inapaswa kuwa kando ya kitanda. Kwa hiyo mgonjwa ndiye anayesafiri, na anarudi nyumbani na bandeji ambayo lazima ivumilie vumbi, jasho na safari. Kwa mtu huyu ningechagua matabaka mawili yanayotenganishika: la ndani linalobaki siku saba, na la nje ambalo muuguzi wa zahanati anaweza kulibadilisha likilowa, bila kugusa la ndani. Agizo hilo liandikwe kwa kalamu juu ya bandeji yenyewe, pamoja na tarehe, maana kadi husahaulika nyumbani na muuguzi wa zamu aliyefunzwa kuosha kidonda kila siku atakifungua kwa nia njema kabisa.

Viatu ni sehemu ya agizo hilo. Bandeji nene ndani ya kiatu kinachobana huongeza mgandamizo ulioleta kidonda, na mguu wenye ganzi hautalalamika. Plasta maalumu au kiatu kinachohamisha uzito ndicho kinachotakiwa. Magongo ni bora kuliko kukosa vyote.

Bandeji ya ndani ifunguliwe kabla ya siku saba endapo kuna harufu mbaya, wekundu unaopanda mguuni, homa, maumivu mapya, au sukari inayopanda bila sababu. Majimaji ya rangi ya manjano hafifu na utando mweupe wa fibrini si usaha, na usikwanguliwe. Kidonda kipimwe kwa rula kila wiki na kipimo kiandikwe. Kisipopungua baada ya wiki kadhaa, rudi kwenye mishipa ya damu, mfupa na kiatu kabla ya kuchota damu nyingine.