Mkono Usiotoka Juu

Anayefuga mbwa hurithi kazi iliyokwisha kufanywa na wengine. Kwa maelfu ya miaka wanadamu waliwaweka karibu mbwa waliowazoea, wakawafukuza wakali na waoga, hata mtoto wa mbwa anayezaliwa leo anamwelekea mtu kabla hajafundishwa lolote. Mjusi hana urithi huo. Pogona, mjusi mwenye ndevu za miiba anayetoka katika nyika kame za ndani ya Australia, amezalishwa vizimbani Ulaya na Marekani kwa miongo michache tu, na kinda lake, lenye urefu wa sentimita kama 10 kutoka pua hadi ncha ya mkia, bado huupokea mkono wa binadamu kama shambulio. Imani yoyote atakayoipata mfugaji itabidi aijenge mwenyewe kuanzia msingi, kwa mnyama mmoja mmoja, na haitapita kwa watoto wa mnyama huyo. Wengi husema kwa sababu hiyo kwamba kazi haina faida. Mimi naona hapo ndipo penye heshima yake: ni ufundi wa mtu kujizuia mpaka kiumbe asiye na sababu yoyote ya kumpenda akose sababu ya kumwogopa.

Ufundi huo unaanzia kwenye umbile la mnyama, wala si kwenye moyo mwema wa mfugaji. Utosini mwa pogona kuna doa dogo hafifu. Ni jicho la tatu, lenye lenzi na retina yake, ingawa haliwezi kuona sura ya kitu. Kazi yake ni kupambanua mwanga na kivuli. Kwa mnyama anayewindwa na ndege, kivuli kinachoshuka ghafla kina maana moja tu. Sasa fikiria kinda lililowekwa katika tangi la samaki lililogeuzwa nyumba ya mjusi, ambalo mlango wake uko juu. Kila anapoletewa chakula, kila maji yanapobadilishwa, mwewe anashuka. Mwenye tangi hilo anaweza kuwa mpole kuliko watu wote mtaani, na bado atashangaa kwa nini mnyama wake anatimua mbio hadi pembeni na kuvimbisha ndevu nyeusi. Kizimba chenye mlango wa mbele, kilichoinuliwa hadi usawa wa kifua ili uso wa mtu uonekane ukija kwa mbali, hufanya kazi ambayo maneno matamu hayawezi. Ndiyo maana nasema nusu ya ufundi huu ni useremala.

Nusu ya pili ni subira, tena yenye utaratibu. Kinda lililofika nyumba ngeni huachwa kwanza lijue pa kuotea joto, pa kujificha na saa ya kula. Mfugaji hukaa karibu na kioo akifanya shughuli nyingine, ili kuwepo kwake kusiwe habari. Kisha nyenje hutolewa kwa kibano, baadaye kwenye kiganja kilicholazwa sakafuni mwa kizimba na kutulia hapo kama sehemu ya mandhari. Kiganja kiwe kimeoshwa: kidole kinachonuka chakula huumwa kihalali kabisa. Mjusi atakigusa kwa ulimi, kwani ulimi ndio unaobeba harufu hadi kwenye kiungo cha kunusia kilicho juu ya kaakaa, na huko ndiko mfugaji anakofahamika. Siku akipanda mwenyewe, asinyakuliwe. Akija kuinuliwa baadaye, tumbo na miguu yote minne ipate pa kukanyaga, na arudishwe kabla hajachoka. Baada ya hapo mikono ioshwe tena, safari hii kwa ajili ya mtu, maana wanyama hawa hubeba vimelea vya salmonela bila kuugua.

Lakini hakuna jambo linalomtenganisha fundi na mkorogaji kama suala la joto. Pogona hutegemea joto la nje ili misuli ifanye kazi. Mahali pake pa kuota panahitaji kufikia nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na karibu yake kuwe na taa ya miale ya urujuanimno, ambayo pasipo hiyo mifupa ya kinda hulainika na kupinda. Mjusi aliyepoa hakimbii kwa sababu hawezi kukimbia. Atalala begani mwa mtu kimya, macho amefumba, na wenye nyumba watasema amezoea. Hajazoea, amezimika. Kufumba macho wakati anapapaswa nako hufasiriwa kuwa raha, kumbe mara nyingine mnyama anajitenga na jambo asiloweza kuliepuka. Picha nyingi za mijusi "wapenzi" zinazosambaa simuni zingepaswa kutazamwa kwa kipimajoto mkononi. Kipimo ninachokiamini ni kigumu zaidi: mnyama awe na joto la kutosha, njia ya kwenda mafichoni iwe wazi, na hata hivyo achague kuja. Ishara nyingine husomwa hivyo hivyo, pamoja na mazingira yake. Mkono wa mbele unaopungwa polepole ni unyenyekevu wa mdogo mbele ya mkubwa, hata kama watoto wa nyumbani wanaapa kwamba anawasalimu. Kinywa kilichoachamishwa kinaweza kuwa tishio, au basi tu anapunguza joto.

Hapa mwenye shaka atauliza: kama yote ni kuzoea kivuli na harufu, imani iko wapi? Si ni mashine ndogo iliyoacha kupiga kengele? Nakubali kwamba sina ushahidi wa mapenzi, na simhitaji mjusi anipe. Ila dhana ya mashine ndogo haikai vizuri na yanayojulikana. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2015, pogona walioonyeshwa filamu ya mwenzao akisukuma kijimlango kando kwa kichwa walimwiga na kukifikia chakula. Wale ambao hawakuonyeshwa mfano huo walishindwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwaona mijusi wa Puerto Rico aina ya anolisi wakijifunza kufungua vifuniko kupata funza, na baadhi yao wakabadili walichojifunza kanuni ilipogeuzwa. Na kabla ya majaribio hayo, Joan Procter, mkuu wa idara ya reptilia ya bustani ya wanyama ya London, alipokea mwaka 1927 makenge wa Komodo waliokuwa wakisifika kwa ukatili. Mmoja wao, Sumbawa, alimzoea kiasi cha kulishwa kwa mkono na kutembea naye bustanini miongoni mwa wageni. Kinachojenga imani hiyo ni kumbukumbu: mnyama ameweka hesabu ya matendo ya mtu fulani na kuyategemea. Hata kati ya watu, sehemu kubwa ya tunachokiita kuaminiana haizidi hapo, ila tumeipamba.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la anayeuliza kwa nini mjusi awe kizimbani kabisa. Jibu langu lina mpaka. Australia hairuhusu kuuza nje mijusi wake kwa biashara, na pogona wanaofugwa ughaibuni ni wa kuzalishwa; hao wamekwisha kuwepo, na swali lililobaki ni waishi kwa hofu au bila hofu. Si hivyo kwa mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, anayeishi kwenye mikadi na karibu hapatikani pengine duniani. Wakusanyaji walikata mikadi ili kuwafikia, shehena zikaenda Ulaya na kwingineko, mpaka mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilipokubaliana kumpiga marufuku katika biashara ya kimataifa. Anayemnunua mjusi aliyetolewa porini kwa namna hiyo, kisha akakaa miezi akimzoesha mkono wake kwa subira yote niliyoieleza, anarekebisha kwa kijiko kilichobomolewa kwa shoka. Fundi wa kweli huuliza mnyama alizaliwa wapi kabla ya kuuliza bei, na muuzaji akibabaika, huondoka dukani mikono mitupu.