Magogo ya Greensted

Wengi hulisifu kanisa dogo la Greensted, huko Essex, Uingereza, kwa umri wake tu. Zamani ilidaiwa lilijengwa mwaka 845. Uchunguzi wa pete za mbao wa 1995 ukaonyesha kuwa miti yake ilikatwa baada ya 1060. Kwangu si hasara. Kinachonivuta ni ule ukuta: magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa bega kwa bega, mgongo wa duara nje, upande bapa ndani.

Mwaka 1848 miguu ya magogo ilikuwa imeoza. Mafundi wakaikata, wakayapandisha juu ya msingi wa matofali. Wapo wanaowalaumu mpaka leo, na nakiri matofali yale huniudhi, yamenyooka mno. Lakini uozo ulioanzia chini haungekomea hapo, na leo tungekuwa tunabishana juu ya kanisa lisilokuwapo.

Mwaka 1839 alifunga ndoa humo James Brine, mmoja wa vibarua sita wa Tolpuddle waliopelekwa kifungoni Australia baada ya kuunda chama chao. Yeye aliyakuta magogo yangali na miguu.