Flashi imechomolewa, kompyuta imeganda: nani kabomoa ghala?

Ingia steshenari yoyote ya Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, hutakosa mteja anayechomoa flashi faili likiwa bado linanakiliwa. Gari la Shinyanga linapiga honi, afanyeje? Mara nyingi hasara ni faili tu. Lakini draiva ya hifadhi ikiwa imeandikwa ovyo, kompyuta nzima huganda, maana draiva hufanya kazi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na humo kosa halina wa kulizuia.

Kerneli ya Linux huacha maandishi kabla ya kukata roho. Wengi husoma jina la fanksheni iliyotajwa kwanza, wakailaumu hiyo. Wanaionea. Fanksheni ile ni mchukuzi aliyefika AMCOS, ushirika wa wakulima, na gunia la pamba begani, akakuta ghala limebomolewa akiwa njiani. Wa kutafutwa ni aliyebomoa.

Washa kerneli kwa slub_debug=P. Kuanzia hapo kumbukumbu ikiachiwa hujazwa baiti 6b. Ukiona 6b6b6b6b kwenye rejista, huhitaji mpiga ramli: mara nyingi kuna aliyegusa kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. KASAN, zana ya kunasa makosa ya kumbukumbu iliyoingia Linux 4.0 mwaka 2015, hukutajia hata wahusika: aliyeiomba, aliyeiachia, na aliyeigusa baadaye.

Aliyeiachia, mara nyingi, ni fanksheni ya kuondoa kifaa. Flashi ikichomoka, kerneli huiita, nayo hufuta kila kitu papo hapo, ilhali kazi iliyopangwa kufanyika nyuma ya pazia, au taima, bado imeshika anwani ya zamani.

Hapo fundi mwenye haraka huongeza sharti la kukagua kama kielekezi ni tupu. Bure kabisa. Kielekezi si tupu. Kinaelekeza kwenye kiwanja ambacho ghala halipo tena. Kuongeza printk nako kunahadaa: kuchapisha hubadilisha kidogo nyakati za matukio, kosa likajificha ofisini, likaibukia kwa mteja.

Dawa ni utaratibu wa kufunga. Zuia kwanza maombi mapya. Yaliyokwama yarudishe na jibu la kushindwa. Kisha ita cancel_work_sync, ambayo, tofauti na cancel_work, husubiri kazi iliyokwisha kuanza imalizike. Taima nayo isimamishwe kwa kusubiriwa vilevile. Halafu punguza hesabu ya wanaoshikilia kumbukumbu hiyo, na anayetoka mwisho ndiye afute. Ukigeuza mpangilio huu, ukasubiri kabla ya kufunga mlango, kazi mpya itapenya nyuma yako na utakuwa umerudi ulipoanzia.

Jaribio moja halithibitishi kitu. Andika skripti itakayotenganisha draiva na kifaa kupitia unbind ndani ya /sys, ikaunganisha tena, usiku kucha, huku faili zikinakiliwa. Ila kwa unbind kifaa bado kiko kwenye tundu na kinajibu, kilichochomolewa hakijibu. Kwa hiyo asubuhi chomoa kwa mkono pia, faili kubwa likiwa katikati, kama yule anayewahi gari.