Mvuvi Alifika Kalundu

Chukua sentensi hii kutoka mchezo wa video ambao hadithi yake inatokea Uvira, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika: "Mvuvi alifika Kalundu akiwa amechoka, watu wakampokea kwa furaha." Mchezaji amepewa nafasi ya kuchagua kama mhusika wake ni mwanamume au mwanamke. Amechagua mwanamke. Rudi kwenye sentensi utafute cha kurekebisha. Hakuna hata herufi moja.

Sasa iandike kwa Kifaransa, lugha ya shule na ofisi hapa kwetu: "Le pêcheur est arrivé à Kalundu fatigué, et les gens l'ont accueilli avec joie." Akiwa mwanamke, "le" inakuwa "la", "pêcheur" inakuwa "pêcheuse", halafu "arrivé", "fatigué" na "accueilli" zote zinaongezewa "e". Mahali patano katika sentensi moja fupi. Mchezo wenye hadithi ndefu una maelfu ya sentensi za namna hiyo, na kila moja inadai matoleo mawili au mbinu ya kuikwepa jinsia.

Watengenezaji wamehangaika na jambo hili kwa miaka mingi. Pokémon Crystal ya mwaka 2000 ndiyo iliyoanza, katika mfululizo ule, kumruhusu mchezaji kuwa msichana. Mass Effect ya 2007 ilikwenda mbali zaidi: Mark Meer na Jennifer Hale walirekodi sauti za mhusika yuleyule, na wahusika wengine wakamwita kwa jina la ukoo, Shepard, ili kauli moja iwafae wote wawili. Hila hiyo ilipunguza sana gharama. Mwaka 2022 The Sims 4 ilipomruhusu mchezaji kuchagua viwakilishi vya mhusika wake, jambo hilo lilianza kwa Kiingereza peke yake. Kiingereza kina viwakilishi vichache vya kubadili, lakini Kifaransa hubeba jinsia hadi kwenye sifa na vitenzi.

Kiswahili hakina mzigo huo. Kiambishi "a-" ni cha mtu, awe mwanamume au mwanamke. "Yeye", "wake", "-m-" vilevile. Kifuliiru na Kivira, zikiwa lugha za Kibantu za hapa kwetu, nazo hupanga nomino kwa ngeli, wala hazina uke na uume wa Kifaransa. Hata ukiandika kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, "batu balimupokea", bado hakuna anayejua waliyempokea ni mwanamume au mwanamke. Kwa mwandishi wa michezo, hii ni mali, tena mali ya kurithi.

Lakini asije mtu akadhani jinsia imetoweka. Imehama tu, imeacha sarufi ikaingia katika heshima na undugu. Tazama mvuvi wetu anapotia mtumbwi nchi kavu alfajiri, taa zimezimwa, ndagala wamejaa. Mama anayenunua samaki anamsogelea: "Karibu, baba, ziwa limekupa nini leo?" Mchezaji akichagua mwanamke, mama yuleyule atasema, "Karibu, mama." Kitenzi hakikuguswa, mwito ndio uliobadilika. Kuufuta mwito ili kurahisisha kazi ni kosa, maana mtu wa Uvira hamsemeshi mkubwa bila mwito. Katika programu, weka nafasi tupu mahali pa mwito, ijazwe kulingana na chaguo la mchezaji na umri wa anayesema: mtoto hatamwita mvuvi huyo kama mzee anavyomwita.

Baada ya mwito, mahali pa pili jinsia ilipohamia ni ndoa. Mwanamume ameoa, mwanamke ameolewa. Mwandishi akisahau, shujaa wa kike ataambiwa "umeoa lini?" na mchezo mzima utapoteza uaminifu wake. "Amefunga ndoa" inawafaa wote, ingawa mtu akimtania rafiki yake mwaloni hasemi hivyo. Mahali pa tatu ndipo panapowanasa wengi: mke wa kaka. Kwa Kiswahili sanifu, shujaa wa kiume anamwita shemeji, wa kike anamwita wifi. Hapa chaguo la mchezaji linabadilisha jina la mtu mwingine kabisa.

Baada ya maneno, mwili. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft walipoulizwa kwa nini wachezaji wa Assassin's Creed Unity hawawezi kuwa wanawake, walijibu kwamba kazi ya animesheni ingeongezeka maradufu. Jonathan Cooper, aliyewahi kuwafanyia kazi hiyo, akakadiria siku moja au mbili. Namwamini Cooper. Mwendo katika kompyuta ni mizunguko ya viungo vya mifupa, na mifupa yenye viungo vinavyolingana inaweza kupokezana mwendo mmoja. Shida huonekana baadaye: katika Mass Effect 2, Shepard wa kike akiwa amevaa gauni anakaa ametanua miguu, kwa sababu amerithi mkao wa mwanamume mwenye suruali.

Mvishe shujaa kitenge kilichofungwa kiunoni, umpe mbio za mwenye suruali. Kila upande wa kitambaa utafuata paja lake, na kitenge kitapasuka katikati kama miguu miwili ya kaptula. Dawa yake ni kukipa kitambaa mifupa yake midogo, mbele na nyuma, kisha kufupisha hatua. Sasa mwekee beseni la samaki kichwani, juu ya kata. Kichwa kinatulia, shingo inasimama wima, mtikisiko wote unamezwa na kiuno na magoti, mkono mmoja unapanda kushika ukingo njia inapokuwa mbaya. Yeyote aliyekulia kando ya ziwa hili anauona mwendo huo akifumba macho.

Kwa hiyo, rai yangu kwa fundi ni hii: funga mwendo kwenye nguo na mzigo, usiufunge kwenye jinsia. Mwanamke mwenye suruali atembee kama mwenye suruali, mwanamume mwenye beseni kichwani atulize shingo yake. The Sims 4 ilielekea huko Juni 2016, ilipoondoa ukuta wa jinsia kwenye nguo, umbo na namna ya kutembea. 

Vijana wa Uvira mnaojifunza kazi hii, msianze kuandika kwa Kifaransa kisha mkatafsiri. Andikeni mazungumzo kwa Kiswahili kwanza, mweke alama penye mwito, penye ndoa na penye shemeji au wifi. Kifaransa kije baadaye, na "e" zake zote.